Mahali pa Kuvuta Pumzi

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia kwingine. Wawili wakipiga pamoja, kila mmoja anachagua kipande kimoja, na mwenzake haruhusiwi kukikataa. Alisema ukimwachia mtu nafasi ya kukataa, atapiga kile anachokiweza tu mpaka azeeke. Nadhani alitaka tujifunze kufikiriana, maana ukichagua unamchagulia na mwenzako. Mimi niliiona ile sheria ina makali.

Shule yetu iko Changamwe, upande ambao malori ya makontena hayaishi kupita, na chumba cha muziki kilikuwa stoo ya madawati nyuma ya maabara. Ala zililetwa na wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona: tarumbeta tatu, ngoma mbili, filimbi moja ya rangi ya fedha, ile inayopulizwa kwa ubavu, na klarineti moja nyeusi. Filimbi ilikuwa ya msichana aliyekuja kuwa mwenzangu. Klarineti ilikuwa yangu.

Yeye alikuwa mbele yangu kwa mwaka mmoja. Kwao ni Jomvu Kuu, ukoo wa tangu na tangu, watu ambao makaburi ya babu zao wanayaona wakitoka mlangoni. Sisi tunakaa Mikindani, nyumba ya kupanga, baba alishuka kutoka bara kufuata kazi ya bandari na sisi tukamfuata yeye. Ni mwendo wa miguu tu kutoka kwetu hadi kwao, lakini yeye alitembea kama mtu aliye kwao na mimi nilitembea kama mgeni aliyechelewa kuaga.

Siku ya kwanza nilipoingia stoo ile nilikuwa Kidato cha Kwanza. Mwalimu aliniuliza ninataka kupiga nini. Nilitaka filimbi. Nilikuwa nimeitaka tangu nilipoiona mkononi mwake siku ya gwaride, na nilijua mwalimu alikuwa tayari kuwafundisha wawili kwa filimbi moja, kwa zamu. Jibu nilikuwa nalo. Lakini mimi nikiulizwa kitu mbele za watu koo hujifunga, na kadiri wanavyosubiri ndivyo linavyozidi kujifunga. Wakasubiri. Mtu wa tarumbeta akaanza kucheka. Ndipo yeye akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu isiyo na haraka na mtu:

"Mpe hiyo nyeusi, mwalimu. Mtazame mashavu. Huyu Mola kamuumbia kupuliza."

Stoo nzima ikacheka, mwalimu naye. Nikapewa klarineti.

Tangu siku hiyo akawa mdomo wangu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, akiniwekea mkono kichwani kama mtu anayemshika mbuzi wake sokoni. Mwalimu akiniuliza kwa nini nimechelewa, alijibu yeye. Kwenye kibanda cha chakula aliniagizia yeye: chapati mbili, maharagwe kidogo, huyu hapendi mchuzi mwingi. Mimi napenda mchuzi mwingi. Miaka miwili nilikula maharagwe makavu kwa sababu sikuweza kulisema hilo, na yeye alilipa mara nyingi kuliko mimi, akaniita mdogo wangu, akanifunga kitambaa cha nywele kilipolegea. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa.

Mwaka huu mwalimu alituambia kwamba mgeni kutoka Nairobi, mama anayesimamia kambi ya muziki ya likizo ya Aprili, atakuja kutusikiliza. Wa tarumbeta wangefungua, halafu sisi wawili tungepiga vipande viwili, na mgeni angechukua mmoja wetu. Mmoja tu. Kwa mwenzangu huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Akimaliza mtihani filimbi inarudi kabatini na yeye anarudi nyumbani, na hakuna mtu Jomvu Kuu mwenye filimbi ya fedha. Alinieleza hayo tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maabara. Alisema, "Wewe una mwaka mwingine. Niombee mimi mwaka huu." Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi hutikisa kichwa kukubali karibu kila kitu.

Karatasi za noti zilikuwa kwenye boksi la kadibodi lililolowa mvua za mwaka fulani. Nyingi ziligandamana, nyingine mende walikuwa wamekula pembe. Tulitenga zile za filimbi na klarineti peke yake, zikawa kama ishirini hivi, na mwalimu akatupa mpaka Ijumaa kila mtu amletee aliyochagua.

Jumatano mwalimu alinituma ofisini nikachukue madaftari. Mlango ulikuwa wazi nusu. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa kwenye simu, nikasimama nje kama kawaida yangu, maana kubisha hodi ni kazi kubwa kwangu. Nikamsikia akisema sawa, hakuna neno, mgeni akishindwa Februari basi tusogeze mbele hadi Jumamosi ya katikati ya Machi, saa nane mchana, na kwamba wanafunzi wataambiwa Jumatatu baada ya kuthibitisha na mwalimu mkuu.

Sisi si Waislamu, lakini kwetu Mikindani nyumba ya kushoto na ya kulia wanafunga, na ukutani tuna kalenda ya duka la vyombo yenye miezi ya aina zote mbili. Jioni nilihesabu kwa kidole. Jumamosi ya katikati ya Machi ingeangukia katikati ya mfungo.

Mwaka uliotangulia, wakati wa Ramadhani, nilimwona akijaribu kufanya mazoezi saa tisa mchana. Alipiga mstari mmoja, akashika ukuta, akacheka, akasema wallahi anaona nyota. Filimbi hula pumzi kuliko ala yoyote, maana nusu ya hewa inapita juu ya tundu na kupotea. Klarineti haipotezi kitu. Pumzi moja nusu nzima ya ukurasa inaenda. Baada ya siku ile aliifunga filimbi ndani ya kasha mpaka Idi.

Basi mimi nililijua jambo hilo Jumatano, yeye hakulijua, na uchaguzi ulikuwa Ijumaa.

Kipande nilichokichagua kilikuwa ukurasa mmoja, wa manjano, cha polepole sana. Klarineti inakaa chini na noti ndefu ndefu, hata mtoto ataziweza. Filimbi inaimba juu yake, na katikati ya ukurasa kuna mistari miwili mizima ambayo haina hata kituo kimoja cha kuvuta pumzi. Nilikiweka mbele yangu juu ya meza ya jikoni. Ninataka niandike ukweli: sikuhangaika. Sikulala macho wazi. Mama aliniambia niondoe makaratasi avunje nazi, nikaondoa, na nilikuwa nimeshaamua. Kitu nilichokisikia zaidi ni furaha ya aina fulani, kama unapojua jibu la hesabu ambalo darasa zima hawalijui na mwalimu hatakuuliza.

Ijumaa tulibadilishana karatasi. Aliitazama yangu, akapiga kwa mluzi ule wimbo wa juu kidogo kidogo, akasema, "Kizuri. Cha kuniua, lakini kizuri." Kisha akanipa chake.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kuhusu klarineti. Kuna mahali sauti za chini zinaisha na za juu zinaanza, na ili uvuke pale vidole vyote hushuka pamoja juu ya matundu. Kimoja kikichelewa, klarineti inalia kama bata aliyekanyagwa. Mimi kidole changu cha pete huchelewa. Wa tarumbeta waliniita Bata mwaka mzima. Chini ya pale, lakini, mwalimu alisema sina mpinzani, sauti yangu ni nene na ya moto.

Kipande alichokichagua yeye kilikuwa cha haraka, cha kuchezesha miguu, na klarineti haikuvuka hata mara moja. Kurasa tatu, zote chini. Na wimbo wenyewe karibu wote ulikuwa wangu. Filimbi ilikuwa ikiitikia tu. Niliangalia mara mbili kuhakikisha. Alikuwa amepekua boksi lote la karatasi zilizogandamana akitafuta kipande ambacho nisingelia kama bata mbele ya mgeni, katika mwaka wake wa mwisho.

Mtu mwingine angeurudisha ule ukurasa wa manjano ndani ya boksi. Muda ulikuwepo, mwalimu alikuwa hajaandika chochote. Mimi nilisimama pale nimeshika kurasa zake tatu nikawaza: ameniagizia tena. Maharagwe kidogo, huyu hapendi mchuzi mwingi. Nikampelekea mwalimu vipande vyote viwili.

Jumatatu tarehe mpya ilitangazwa. Mwalimu, mtu wa bara kama mimi, aliisoma bila kuinua uso, hakujua amesoma nini. Mwenzangu alihesabu kwa midomo. Kisha akanitazama, si kwa kunishuku, bali kama unavyomtazama mtu mliyenyeshewa naye pamoja. Akamwendea mwalimu kuomba saa ibadilishwe iwe baada ya magharibi. Mwalimu akamwambia mgeni ana gari la moshi la kurudi jioni hiyo hiyo. Kipande hakuomba kubadilishiwa. Sheria ilikuwa sheria, na nadhani aliona haya kuninyang'anya kitu nilichokichagua mwenyewe mara moja katika maisha yangu.

Nyumbani kwao ilikuwa shida zaidi. Nyanya yake ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye neno. Muziki ndani ya mwezi mtukufu kwao si jambo la kutajwa mezani. Alinisimulia kwamba nyanya aliiacha chai ikapoa, halafu akasema ahadi ilitolewa kabla ya tarehe kuhama, na mtu hutimiza ahadi yake. Ila kwa sharti moja. Saumu isivunjwe kwa ajili ya filimbi, hata tone la maji. Akiona haiwezekani, aiache filimbi, si saumu. Na mimi mwenziwe niende kufuturu kwao jioni hiyo.

Mazoezi yakaanza, na mwezi ukaandama, na ile mistari miwili ikamshinda. Alifika mwisho wa mstari wa kwanza midomo imekuwa ya kijivu. Siku moja alikaa sakafuni, akaweka kichwa kati ya magoti, nami nikasimama nikipangusa klarineti ambayo ilikuwa imeshapanguswa. Mwalimu alimwambia avute pumzi ya haraka katikati. Akajaribu, lakini akivuta pumzi wimbo ulikatika na kila mtu angesikia, maana mimi huku chini noti yangu nayo ilikuwa inaishia pale pale, halafu ninapumzika kidogo kabla ya noti nyingine.

Akafikiri. Akachukua penseli, akaja kwenye karatasi yangu, si yake, akachora alama ndogo juu ya ile noti na kuandika kwa mwandiko wake wa mviringo: *Hapa nishike.*

"Usiache noti yako hapa," aliniambia. "Ipitishe mpaka nirudi. Mimi nitavuta pumzi chini ya sauti yako, hakuna atakayejua. Utanishika?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Tulifanya hivyo mara kumi na zaidi. Ilifanya kazi kila mara. Sauti yangu ilitandaza mkeka, yeye akashuka, akavuta, akapanda tena, na ukiwa nje ya dirisha usingejua kulikuwa na mtu aliyekuwa karibu kuanguka. Ninakumbuka nilifurahia hata hilo, kwamba kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa wa moto, madirisha yamefunguliwa na malori yananguruma barabarani. Mgeni alikaa mstari wa mbele na daftari. Nyanya alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, buibui lake jeusi, mikono juu ya mkoba, mgongo haugusi kiti. Nilimwendea nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu akasema, "Ndiwe wewe? Mbona mdogo hivi."

Tulianza na kipande alichonichagulia. Nilipiga vizuri kuliko siku zote. Ninaandika hivi bila kujisifu. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo changu kama nguo. Watu wakapiga makofi kabla hatujamaliza. Alinitazama akatabasamu, na midomo yake ilikuwa imekauka hata tabasamu likaonekana linamuuma.

Kisha ukurasa wa manjano. Alianza kwa sauti safi ajabu, nyembamba, bila kutetemeka. Niliona mgeni akiweka kalamu chini asikilize. Niliona hilo vizuri sana. Mwanamke ambaye alikuwa ameandika andika muda wote nilipokuwa nikipiga mimi sasa ameweka kalamu chini, na nikajua nani ataenda kambini.

Tukafika kwenye mistari miwili. Alama ya penseli ilikuwa mbele ya macho yangu. *Hapa nishike.* Noti yangu ikafika mwisho wake ulioandikwa, na nikaiacha.

Nilipata nafasi ya kuwaza, mtu asinidanganye kwamba vitu hivi hutokea ghafla. Nilihesabu mapigo yake yote, moja, mbili, tatu, nne, nikaondoa ulimi kwenye ala kwa ustaarabu kama tulivyofundishwa. Ukumbi ukabaki mtupu. Ndani ya utupu ule yeye alikuwa tayari ameshaachia filimbi ili avute, na pumzi yake ikasikika mpaka mlangoni, ile ya mtu anayetolewa kwenye maji. Mtu akacheka, nadhani wa tarumbeta. Alijaribu kurudi juu, filimbi ikatoa upepo bila sauti. Mara ya pili ikatoa sauti ya kuvunjika. Mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye noti yangu inayofuata, mahali pake hasa, na niliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, yeye akiokota wimbo huku na huku kama mtu aliyemwaga mchele.

Hakuanguka. Watu walidhani ataanguka, hakuanguka.

Baada ya makofi mgeni alisimama akauliza maswali. Akanigeukia mimi. Alitaka kujua nani alichagua kile cha pili, na kwa nini. Nikafanya nilichofanya siku zote: nikageuka kumtazama yeye. Alikuwa anapangusa filimbi kwa kitambaa. Alipangusa sehemu ya kwanza, akaiweka kwenye kasha, akapangusa ya pili. Hakuinua uso.

Basi nikajibu mwenyewe. Sauti ilitoka, nyembamba lakini ilitoka.

"Mimi nilikichagua. Kwa sababu kina pumzi ndefu, na nilijua mwenzangu anaziweza."

Mgeni akasema huo ni moyo mzuri. Akasema pia kwamba nilikuwa mwangalifu, nilifuata karatasi bila kutetereka hata mwenzangu alipopotea, na hilo si jambo dogo kwa umri wangu. Na alikuwa na haki. Ukiichukua ile karatasi leo ukaipima, hutaona kosa langu hata moja. Kosa limeandikwa kwa penseli, na penseli si ya mtunzi.

Jina langu ndilo alilolitaja.

Nilidhani mwaliko wa futari umekufa. Lakini kwao mwaliko haufi. Nyanya alikuwa akinisubiri nje ya lango, tukatembea watatu, mjukuu mbele na kasha lake. Njiani nilitafuta uso wake nione kama amelia. Hakuwa amelia. Ningependa angelia.

Jamvini palikuwa na shangazi zake na watoto, na vyakula vimefunikwa: viazi karai, kaimati, muhogo wa nazi, tende ndani ya kisahani cha bluu. Tulisubiri adhana. Ilipolia, nyanya alitwaa tende ya kwanza, akamwekea mjukuu wake mkononi, na ya pili akaniwekea mimi. Mjukuu akanywa maji, glasi nzima, macho yamefumbwa.

Shangazi mmoja akauliza habari za shule, ilikuwaje, nani kachukuliwa. Aliniuliza mimi, lakini kwa mazoea ya nyumba ile alimtazama yeye, maana nilipowahi kufika pale ni yeye aliyekuwa akinijibia. Yeye akaweka glasi chini.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema. "Mdomo anao."

Nikasema ni mimi niliyechukuliwa. Wakanipongeza, mashaallah, watoto wakanitazama. Nyanya hakunipongeza. Alikuwa anamenya yai, na alipomaliza aliuliza bila kuniangalia:

"Mwanangu, mimi si mjuzi wa mambo yenu. Lakini pale pumzi ya huyu ilipokatika, wewe ulikuwa wapi? Sauti yako nilikuwa naisikia, halafu sikuisikia."

 Mjukuu wake alikuwa ananitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anasubiri tu, kama walivyosubiri siku ile stooni, na hakuna aliyecheka.

"Noti yangu ilikuwa imekwisha," nilisema.

Nyanya akaigeuza ile sentensi kichwani, nilimwona. Akachukua sahani yangu, akanipakulia muhogo, akamimina mchuzi wa nazi juu yake, mwingi, mpaka ukafika ukingoni.

"Haya. Kula basi."

Nikala. Ulikuwa mtamu. Sitaandika kwamba ulinikwama kooni, maana haukunikwama, nilimaliza na nikaongezwa.